Mchele Usio wa Chanzuru

Marselina hakuwa mtu wa kupendwa haraka, na mwenyewe alilijua hilo. Alizaliwa Kimamba, kwenye kambi za mkonge ambako babu yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata majani yale yenye miiba, akakulia katika nyumba ambayo watu walizungumza kwa kufoka. Sauti yake ilikuwa ya juu hata alipokuwa akiomba chumvi kwa jirani. Alipoolewa Chanzuru, watu walisema Mathayo amejiletea ngoma ndani ya nyumba. Mathayo mwenyewe, mwanamume mpole asiyejua kugombana hata na mbuzi, alicheka tu na kusema nyumba kimya inamtia hofu.

Mathayo alipokufa, ndugu zake walifika kabla hata ya arobaini. Msemaji wao alikuwa Fortunatus, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa Mikumi mwenye maneno laini na viatu visivyoshika vumbi. Walitaka majaruba ya mpunga yarudi kwenye ukoo. Marselina aliweka kigoda katikati ya mlango, akaketi, bintiye Imani akiwa nyuma yake.

"Mkitaka kuingia mtanivuka," alisema.

Hakuna aliyemvuka. Kesi ilikwenda baraza la kata, ikapanda mahakama ya mwanzo Kilosa mjini, na mwishowe majaruba yakabaki mikononi mwake. Tangu hapo yeye na shemeji yake wakawa watu wa kupeana amani kanisani tu, tena kwa ncha za vidole. Bibi Hildegarda, mama wa Mathayo na Fortunatus, hakusema neno kwa upande wowote. Lakini kila jioni alijikongoja hadi kwa mkwewe kula chakula, na jambo hilo liliwaudhi wanawe kuliko hukumu yenyewe.

Ni ukali huohuo uliompa Marselina uenyekiti. Wanunuzi wa mpunga walikuwa wakija na lumbesa, yale magunia yanayojazwa hadi yakaota kichwa, wakayahesabu kama gunia la kawaida. Siku moja Marselina alilipindua gunia la namna hiyo mbele ya mnunuzi, mpunga ukamwagika barabarani, akamwambia aokote kilicho chake na aache kilichozidi. Mwezi uliofuata wakulima waliunda kikundi, na hapakuwa na ubishi kuhusu nani awe mwenyekiti. Mwanakheri, mama wa Yusrah, ambaye shamba lake lilipakana na la Marselina, akawa mweka hazina na mtunza muhuri. Hao wawili walikuwa wamepandikiza mpunga bega kwa bega miaka mingi, wakauguziana watoto, mmoja akifunga Ramadhani na mwingine akifunga Kwaresma. Kama Marselina alikuwa na rafiki duniani, ni Mwanakheri.

Basi akaja Fortunatus. Alikuja mchana kweupe, akasimama uani, akasubiri kukaribishwa.

"Shemeji, yaliyopita yamepita," alisema. "Nimekuja kibiashara. Mchele wenu unanukia. Nchi jirani wanautafuta, na mimi nina leseni ya kusafirisha nje, nina wakala wa forodha pale mpakani. Kinachonipungukia ni watu wa kusimama waseme mchele huu tumeulima sisi."

Alimweleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mchele uliolimwa ndani ya nchi za jumuiya unavuka mpaka bila ushuru. Mchele uliotoka ng'ambo ya bahari unatozwa ushuru mkubwa mno. Kwa hiyo forodha wanataka cheti cha uasili, kinachothibitisha kwamba mchele umetoka kwenye shamba la hapa. Na ili cheti kitolewe, mwenyekiti wa kikundi hutia saini tamko kwamba mchele ni wa wanachama wake.

"Saini yangu tu?"

"Saini yako na muhuri. Mengine niachie."

Marselina hakumpenda zaidi kwa sababu hiyo, lakini alisaini. Msimu ule ulikuwa mzuri. Mpunga ulikobolewa palepale kijijini, malori ya Fortunatus yakaja kubeba, na nyumba kadhaa Chanzuru zikavua makuti zikavaa bati. Imani, aliyekuwa chuoni Morogoro, alimwonyesha mama yake picha kwenye simu: kiroba cha mchele katika duka kubwa la mji wa nchi jirani, kimepigwa chapa ya kijani, *Chanzuru*. Marselina aliomba aone tena, na tena. Watu waliokuwa wakimwita ngoma sasa walimwita Mama Imani, na yeye alitembea akiwa amenyoosha shingo. Hakujivunia fedha. Alijivunia lile jina, kwamba mjukuu wa mkata mkonge alikuwa ameliweka kwenye rafu za watu wasiomjua.

Msimu wa pili mvua zilikuja na hasira. Mto Mkondoa ulivunja kingo, maji yakapita juu ya majaruba, na yalipoondoka yaliacha mchanga mahali pa mpunga. Waliobahatika walivuna magunia ya kula. Wengine walivuna majani.

Hata hivyo Fortunatus alikuja na karatasi zake kama kawaida.

"Nisaini nini?" Marselina aliuliza. "Mchele uko wapi?"

"Utapatikana, shemeji. Nanunua kwa wakulima wengine. Kila gunia litakalopita kwa jina la kikundi, nitawatolea kitu wanachama. Najua mnahangaika."

"Wakulima gani? Maji yamefika mpaka Ruaha kwenye miwa. Nani kavuna?"

Fortunatus alitabasamu, akakunja karatasi zake taratibu. "Fikiria. Nitarudi."

Marselina hakufikiria. Kesho yake alipanda gari la Mikumi.

Ghala la Fortunatus lilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, kando ya barabara kuu ipitayo kwenda Iringa na kuendelea hadi mipakani. Malori yalilala pale kwa wingi, madereva wakila na kunawa, na hakuna aliyemjali mwanamke mwenye kitenge na mwamvuli. Mlango wa ghala ulikuwa umefunguliwa nusu kwa ajili ya joto. Marselina akaingia kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Wanawake kadhaa walikuwa kazini. Lori lilikuwa limeingizwa kinyumenyume hadi ndani, na kutoka humo vilishushwa viroba vya plastiki vyenye maandishi ambayo Marselina hakuweza hata kuyatamka. Wanawake walivipasua na kumwaga mchele juu ya turubai: mweupe mno, mrefu, mwembamba, usio na harufu. Mwingine alikuja na ndoo ya mchele wa hapa, akautawanya juu yake na kuuchanganya kwa jembe la mbao ili unukie. Kisha ulijazwa kwenye viroba vipya. Binti mmoja aliyekaa karibu na mlango alikuwa akivishona midomo kwa sindano ndefu ya magunia. Kwenye kila kiroba, kwa wino wa kijani, palikuwa na neno *Chanzuru*.

"Habari za kazi," Marselina alisema.

"Nzuri mama, shikamoo," binti alijibu bila kuinua macho.

"Marahaba. Mchele huu umetoka wapi?"

"Mimi Irine nashona tu, mama. Lakini si wa kubaki hapa. Ni wa transiti, ulikuwa unapita kwenda nchi za huko mbele. Dereva akifika hapa wanamfungulia lakiri, ule muhuri wa forodha wa mlangoni, anashusha, anaondoka na lori tupu." Alikata uzi kwa meno. "Wewe umetumwa na bosi?"

"Ndiyo," Marselina alisema. "Niitie."

Fortunatus alitoka kwenye chumba cha nyuma, simu sikioni. Alipomwona shemeji yake, alikata simu bila kuaga.

"Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kutazama shamba langu. Si umeandika hapa ni Chanzuru? Nionyeshe jaruba lililo hapa."

"Punguza sauti."

"Sauti ninayo hii moja."

Wanawake waliacha kazi. Fortunatus alimshika mkono kumtoa nje, naye akauchomoa kwa nguvu kiasi kwamba mwamvuli ulianguka kwenye turubai la mchele.

"Sikiliza," Fortunatus alisema, sasa bila ulaini wowote. "Mzigo huu haukulipiwa ushuru hapa kwa sababu kwenye makaratasi unapita tu. Na kule kaskazini hautalipiwa kwa sababu kwenye makaratasi ni wenu. Nani kaumia? Kijiji chako kina njaa na mimi nakipa chakula. Unataka nini, nikupigie magoti kwa yale majaruba?"

"Nataka jina letu litoke kwenye viroba vyako."

"Jina lenu?" Alicheka kwa pua. "Wewe ni wa Kimamba. Umekuja Chanzuru na sanduku la bati. Na hilo jina, mama, lilikwisha vuka mpaka na saini yako chini yake. Nikianguka mimi, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Nenda nyumbani ukalale."

Marselina aliokota mwamvuli wake. Kabla ya kutoka alichukua kiroba kimoja kitupu chenye chapa, akakipasua katikati kwa mikono yake miwili mbele ya wote, akakitupa miguuni pa Fortunatus.

Aliitisha mkutano Jumapili, akidhani kwamba akishasema alichokiona, wanachama watasimama pamoja naye. Alisema yote: lori, lakiri iliyofunguliwa, mchele wa ng'ambo, ndoo ya kutia harufu. Watu walisikiliza hadi mwisho. Kisha Mwanakheri akasimama.

"Umemaliza, Mama Imani?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi niseme. Wewe una mtoto mmoja, tena yuko chuoni. Mimi nina sita mezani. Mchanga umelala kwenye shamba langu hadi goti. Fortunatus amesema atatupa chochote kwa kila gunia. Sijamwona mwingine aliyekuja kutupa chochote. Ushuru wa serikali, tena serikali ya watu wengine, unanihusu nini mimi?"

"Wakikamata watasema ni sisi, Mama Yusrah. Hata mchele wetu wa kweli hautavuka tena."

"Mchele upi wa kweli? Uko wapi?" Mwanakheri alifungua viganja vyake vitupu, akavizungusha kila mtu avione. Watu wakacheka, kicheko kibaya. "Sema ukweli. Hii ni vita yako na shemeji yako. Umeshindwa kuimaliza mahakamani, sasa unataka kuimalizia kwenye matumbo ya wanangu."

Mikono ilinyooshwa kumwondoa Marselina. Uenyekiti akapewa Mzee Beda, aliyekuwa mfanyakazi wa reli zamani, mtu wa kukubali kila anachoambiwa na aliyesema mwisho. Mzee Beda akasaini. Mwanakheri akagonga muhuri.

Wiki hiyo Marselina alikwenda Morogoro. Alikuwa na muda mrefu wa kujiuliza, gari likikatiza mashamba yaliyozama, kama angekwenda endapo mwenye ghala angekuwa mtu mwingine. Alijiuliza kwa haki, wala hakupata jibu la kumpendeza. Hata hivyo hakushuka njiani.

Afisa wa forodha aliyempokea aliitwa Yeremia, kijana mwenye sura ya uchovu. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, akampa kiti, kisha adabu ikaisha.

"Wewe ndiye uliyesaini msimu uliopita?"

"Ndiyo. Ule ulikuwa mchele wetu."

"Wote?"

"Wote. Nilisimama mashineni mpaka gunia la mwisho. Malori mawili."

Yeremia alifunua jalada lake. "Mama, kwa jina la kikundi chenu msimu uliopita yalivuka malori tisa."

Marselina alikumbuka Fortunatus akifunua karatasi moja baada ya nyingine, *hapa, na hapa, na hapa tena shemeji*. Alikumbuka ile picha kwenye simu ya Imani aliyoiomba mara tatu. Huenda kile kiroba hakikuwa na punje hata moja ya Chanzuru.

"Sikujua," alisema.

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho husema hivyo. Anayetoa tamko la uasili anawajibika nalo, mama. Hatumwulizi kama alijua. Tunamwuliza kama ni kweli." Akavuta kalamu. "Kwa nini umekuja leo? Mmegombana kwenye kugawana?"

Marselina alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake. "Kijana, nimelala na njaa kabla hujazaliwa na sikuiba. Kama unataka kunifunga, nifunge. Lakini kwanza nenda Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori, na uende leo, maana kesho hutakuta kitu."

Yeremia hakumwomba radhi. Alimfanya akae hadi jioni akiandikisha maelezo yake, akamwuliza jambo moja kwa namna tatu, akamwambia asitoke nje ya mkoa bila kutoa taarifa. Lakini magari yaliondoka kwenda Mikumi kabla yeye hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Ghala likafungwa na kupigwa lakiri, na malori mengine mawili yakazuiwa mpakani kaskazini, viroba vya kijani vikiwa vimepangwa hadi juu.

Habari ilitangulia kufika Chanzuru. Kikundi kikafungiwa. Hakuna tena cheti cha uasili kwa jina lile hadi uchunguzi uishe, na wanunuzi wa ndani nao wakaliogopa jina, wakawa wanapita moja kwa moja kwenda vijiji vingine. Wale wachache waliokuwa na mpunga ghalani waliuuza kwa walanguzi, kwa lumbesa, magunia yakiwa na vichwa virefu kuliko zamani. Mzee Beda aliitwa Morogoro kuhojiwa mara kwa mara, akarudi kila mara akiwa amekonda zaidi.

Na Marselina akaacha kusalimiwa.

Ilianza kisimani. Akifika, mazungumzo yanakatika, ndoo zinatwikwa kabla hazijajaa. Siku moja Mwanakheri alisema mbele ya wote kwamba hata Mathayo alikufa ili apate kupumzika kelele. Dukani alipewa chenji mezani badala ya mkononi. Asubuhi moja alikuta mfereji wa kwenda kwenye jaruba lake umezibwa kwa magunia ya udongo, na juu ya ukingo amesimama Mzee Beda na jembe lake, hajifichi.

"Shikamoo mzee," alisema Marselina.

Mzee Beda alimtazama usoni na hakuitikia. Maji yalisikika yakielekea kwa wengine. Kwa umri wake wote Marselina hakuwahi kutoa shikamoo ikaachwa ikining'inia hewani namna ile. Hata ugomvi wa majaruba ulikuwa na marahaba yake. Alihisi kama amevuliwa nguo. Akaingia mferejini hadi magotini, akang'oa magunia yale moja moja, mzee akimwangalia. Kesho yake yalikuwa yamerudishwa. Akayang'oa tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi kabla ya kazi.

Bibi Hildegarda aliendelea kuja kula. Hakuzungumzia mashtaka ya mwanawe hata mara moja. Siku moja tu, akiwa ananawa mikono, alisema, "Nimezaa wawili. Mmoja alikuwa mpole mno na mwingine mwerevu mno. Wewe ungekuwa wangu ungekuwa wa katikati." Marselina hakujua kama lile lilikuwa sifa au lawama. Siku chache baadaye bibi hakuamka.

Msiba uliwekwa kwenye nyumba ya familia palepale Chanzuru, Fortunatus akiwa mwenye msiba. Marselina alikwenda na kuni kichwani na beseni la mchele mkononi, kama mkwe anavyopaswa. Wanawake walikuwa wameshawasha moto uani, masufuria makubwa yakichemka. Alipoinama kulitua beseni lake karibu na meko, mkono ulilizuia. Ulikuwa wa Mwanakheri.

"Mchele huu una cheti?" Mwanakheri aliuliza.

Wanawake walicheka. Walicheka msibani, wakifunika midomo kwa khanga, na waliposhindwa kujizuia waligeuza nyuso.

"Mama Yusrah," Marselina alisema, kwa mara ya kwanza maishani mwake akizungumza kwa sauti ya chini, "huyu alikuwa mama yangu."

"Alikuwa mama wa mtu uliyempeleka kwa askari. Ondoa beseni lako."

Angeweza kupigana. Alifikiria kulipindua sufuria la kwanza. Lakini Bibi Hildegarda alikuwa amelala ndani, akiwa ameviringishwa shuka jeupe, na Marselina hakutaka kelele ziwe kitu cha mwisho kumpelekea. Aliliweka beseni nje ya ua, akarudi, akaketi peke yake kwenye kona ya mkeka ambayo wengine waliihama. Alikaa hapo msiba mzima bila kula wala kupewa maji. Makaburini, zamu ya kurusha udongo ilipofika, watu walimpita kama kisiki. Alipenya katikati yao kwa viwiko, akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili. Fortunatus alikuwa upande wa pili wa kaburi. Wakatazamana juu ya mama yao. Hakuna aliyeshusha macho.

Shauri la Fortunatus halikuchukua muda. Alikiri kosa, kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa kwa faini bila hukumu, kama sheria inavyoruhusu, mchele ukataifishwa na leseni yake ikafutwa. Kabla ya masika mengine alikuwa akiuza mbao palepale Mikumi, viatu vikiwa safi kama zamani. Marselina alionywa kwa maandishi na kuachwa. Alipopata habari hizo kwa Yeremia, aliuliza kwa hasira kama hiyo ndiyo haki yenyewe.

"Hiyo ndiyo sheria," Yeremia alijibu. "Ila kuna jambo moja. Kikundi chenu kinaweza kufunguliwa. Mashamba yapimwe, mavuno ya kila mkulima yajulikane, ukoboaji ufanyike kijijini, na awepo mtu mmoja wa kuwajibika mbele yetu kwa kila kiroba kitakachotoka. Kikitoka kiroba kimoja cha uongo, ni huyo atakayeulizwa."

Habari hiyo ilifika kijijini, na kila mtu alitazama chini. Mzee Beda alisema wazi kwamba hata wakimpa ng'ombe hasaini tena karatasi yoyote. Mchanga ulikuwa umeondolewa kwenye majaruba kwa jembe na kwa mabega, mpunga mpya ulikuwa umeshika rangi ya dhahabu, na walanguzi walikuwa wameshaanza kuzunguka na magunia yao yenye vichwa. Ndipo wanachama watatu wakaja uani kwa Marselina, Mwanakheri akiwa mbele. Hakubisha hodi. Alisimama tu.

"Wamenituma," alisema.

"Sema."

"Wanataka urudi kwenye kiti."

"Na wewe?"

"Mimi nimetumwa."

Marselina aliendelea kupepeta. Aliwaacha wasimame juani hadi ungo ulipokwisha.

"Nitarudi," alisema hatimaye. "Kwa masharti. Muhuri unakaa kwangu. Mfereji wangu hauguswi. Na hakuna kiroba kitakachoshonwa kabla sijakifungua nikaingiza mkono hadi chini. Cha mtu yeyote."

"Unatuita wezi."

"Nawaita watu waliocheka msibani."

Mwanakheri alikaza taya. Mmoja wa aliokuja nao alimgusa bega, naye akautikisa ule mkono ukaanguka. "Sawa," alisema, na neno lile lilimtoka kama jino.

Siku ya kupakia, Yeremia alikuja na afisa kilimo wa wilaya. Kijiji kizima kilikusanyika penye mashine ya kukoboa. Marselina alitandika turubai, akaita jina la kwanza, na jina la kwanza alilolichagua lilikuwa la Mwanakheri. Kila mtu alielewa. Mwanakheri aliburuta viroba vyake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akasimama wima huku Marselina akiingiza mkono hadi kwenye kwapa, akitoa mchele kutoka chini, akiutazama, akiunusa. Ulikuwa safi. Ulikuwa mchele mzuri kuliko wote siku ile, na harufu yake ilifika hadi walipokaa wazee. Marselina alikifungua cha pili, na cha tatu, ingawa cha kwanza kilitosha. Hakuruka hata kimoja.

"Umeridhika?" Mwanakheri aliuliza.

"Shona," Marselina alisema.

Lori lilipojaa, Yeremia aliifunga lakiri mwenyewe mlangoni na kuivuta kuona kama imeshika. Watu hawakupiga makofi. Wengi waliondoka kabla injini haijawashwa. Mzee Beda alipita karibu na Marselina, akasita, na Marselina akasubiri. Lakini mzee alikohoa tu, akaenda zake.

Mwanakheri alibaki akikung'uta vumbi la pumba kwenye khanga yake.

"Usidhani tumepatana," alisema. "Yusrah anaolewa baada ya Idi. Sitakualika."

"Sitakuja."

"Na siku ile kisimani niliposema yale mengine kuhusu Mathayo, siyafuti."

"Hata mimi sijakuuliza."

Walisimama hivyo, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke kwanza. Lori lilikata kona ya shule, likachukua barabara ya Kilosa mjini. Kisha Mwanakheri alijitwika beseni lake tupu na kufuata njia ya kushoto, na Marselina, ambaye nyumba yake ilikuwa njia hiyohiyo, akachukua ya kulia, ile ndefu inayozunguka mashamba.